Kitabu cha hadithi za dini kinachostahimili meno ya mtoto: tusaidiane kuchagua

MamaNuru (mleta uzi)

Habari zenu wadau. Nina binti wa miezi tisa, meno mawili ya chini yameshatoka, na kila anachokishika kinaishia mdomoni. Nataka nianze kumsomea hadithi za Biblia kwenye kitabu ambacho atakishika mwenyewe, si cha kumwonyesha kwa mbali. Halafu mdogo wangu ameolewa na Muislamu, wana kijana wa miaka miwili, na yeye nataka nimpelekee hadithi za mitume kwa heshima ya nyumba yao.

Nimezunguka maduka ya vitabu hapa Tanga. Vingi ni vya karatasi laini vilivyobanwa pini katikati, juu vimeandikwa vya watoto lakini ni watoto wa darasa la pili hao. Vya kurasa ngumu ni vichache, vya Kiingereza, na bei imesimama. Sitaki kununua kwa kukisia. Mliopita njia hii nielekezeni: kwenye kitabu chenyewe niangalie nini, na hadithi ipi inamfaa mtoto mdogo kiasi hiki? Na hili linanisumbua zaidi: ni sawa kweli kumpa mtoto kitabu cha dini akitafune?

Mchapaji

Dada, mimi kazi yangu ni uchapaji, kwa hiyo acha nikiongelee kitabu kama kitu kilichotengenezwa. Ya dini watakuja wenye nayo.

Kitabu cha kurasa ngumu hakishonwi na hakipigwi pini. Tunachapa upande mmoja wa kadi nene, mara nyingi ya gramu 300 au 350 kwa mita ya mraba, tunaikunja katikati, kisha migongo ya kadi inagundishwa moja kwa nyingine. Kila ukurasa unaoushika ni kadi mbili zilizoshikana. Maana yake uimara wote unabebwa na vitu viwili: gundi iliyo katikati na ngozi nyembamba ya plastiki iliyofunika juu. Kadi ikiwa nene lakini gundi mbovu, mtoto ataufungua ukurasa kama chapati, tabaka juu ya tabaka.

Dukani omba ruhusa ukifungue. Kifungue katikati kilale chali mezani, halafu tazama mkunjo. Ukiona rangi imepasuka na weupe wa kadi unachungulia, kiache, maana hapo ndipo mate yataingia. Pita ukucha kwenye ukingo wa ukurasa uone kama ngozi ya plastiki inanyanyuka. Pembe ziwe za duara. Lowesha kidole gumba kidogo, usugue sehemu yenye rangi nzito kwenye jalada la nyuma. Kidole kikitoka na rangi, hiyo rangi ndiyo itakayoingia kinywani kwa mtoto. Na ukinuse: harufu kali ya kemikali ambayo haiishi hata kitabu kikiachwa wazi ni sababu tosha ya kukirudisha.

Kurasa 10 mpaka 24 zinatosha. Watu hudhani kitabu kinene chenye hadithi nyingi ndicho thamani ya pesa, lakini kwa umri wa binti yako uzito ndio unaokiua. Anakishika kwa jalada moja, kurasa zote zinaning'inia, mgongo unachanika. Chukua kidogo cha mraba, kinachoenea kwenye mikono yake miwili, chenye hadithi moja tu.

Kuna na vile vyenye jalada laini lililojazwa sponji ndani. Vinapendeza kama zawadi, lakini mtoto anayeota meno atalitoboa jalada na kuanza kuchomoa sponji. Mngojee akue.

Vya pini katikati usinunue kabisa. Nyie mko pwani, hewa ya chumvi inaitia pini kutu mapema, karatasi inalegea, pini inabaki sakafuni ikimngoja anayetambaa.

BabaPacha

Mkuu @Mchapaji umemaliza. Mimi niongeze kwamba vya kitambaa ndivyo mkombozi. Pacha wangu walitafuna, wakakalia, wakamwagia uji, mama yao anafua anaanika. Havichaniki.

Muuguzi_K

@BabaPacha vya kitambaa ni vizuri kwa miezi ya mwanzo, nakubaliana nawe, lakini kwa masharti. Kikauke kabisa kabla ya kurudi kwa mtoto, mpaka ndani kwenye sponji na kile kinailoni kinachochakarisha. Kikirudi na unyevu ndani kinaota ukungu ambao huuoni kwa nje. Kagua pia mishono, na vitu vilivyoshonewa juu: macho ya kondoo ya vifungo, utepe mrefu, lulu.

Sasa MamaNuru, upande wangu ni usalama, na hapa naomba uniazime sikio.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, wapimaji wa vitu vya kuchezea hutumia kopo dogo lenye upana wa ndani wa milimita 31.7. Kipande chochote kinachoingia chote ndani ya kopo hilo kinahesabiwa kuwa kinaweza kuziba koo la mtoto. Nyumbani tumia lile boksi la duara linalobaki karatasi ya chooni ikiisha. Ni pana zaidi kidogo, kwa hiyo ukilifuata unakuwa upande wa tahadhari. Kitabu chenye kimkia cha simba kinachochomoka, au kijimlango cha safina cha kufunua chenye ukubwa wa stempu, kifikirie kama tayari kimeng'oka, halafu ujiulize kitapita humo au hakipiti.

Kitu ninachokiogopa kuliko vyote ni vitabu vya kubonyeza vinavyotoa sauti. Siku hizi vipo vya nyimbo za Krismasi, vipo vya dua na adhana, vinavutia sana. Ndani vina zile betri bapa za duara kama za saa. Mtoto akiimeza ikakwama kwenye umio, inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili tu, hata kama ni kuukuu na kitabu kilishaacha kuimba. Kama nyumbani kuna kitabu cha hivyo, kifuniko cha betri lazima kifungwe kwa skrubu. Kisichokuwa na skrubu kiondoe leo. Ukihisi mtoto amemeza, usimtapishe, kimbia hospitali moja kwa moja na uwaambie ni betri.

Tazama na nyuma ya kitabu. Ukiona duara jekundu lenye uso wa mtoto na 0-3, limepigwa mstari, mtengenezaji mwenyewe anakwambia si cha wa chini ya miaka mitatu, hata kama muuzaji anakuapia.

Kuhusu kutafuna: kipande cha karatasi kilicholowa mara nyingi kinapita tu, ila kikikatika kikubwa kinaweza kumpalia. Asibaki peke yake na kitabu ambacho pembe zake zimeanza kulowa na kumeguka. Ukiona pembe inabonyea kama mkate uliochovywa, muda wake umekwisha.

MamaNuru

Asanteni sana. @Muuguzi_K, hilo la betri limenishtua, kuna kimoja cha kuimba tulipewa zawadi. Nakikagua sasa hivi.

BintPwani

Da MamaNuru, salama? Mie nipo Unguja, nikujibu kuhusu huyo mtoto wa mdogo wako, na swali lako la kutafuna linaingia humo humo.

Kwetu sie kuna tofauti kubwa kati ya msahafu na kitabu cha hadithi. Msahafu una adabu zake: hauwekwi chini, hauingii nao chooni, unashikwa na udhu, unakaa juu ya rafu. Sasa mtoto wa miaka miwili ataukalia na ataulamba. Kwa hiyo unapomchagulia kitabu, jambo la kwanza ni kukipekua ukurasa kwa ukurasa uone kama kimeandikwa aya kwa Kiarabu. Vingi vinavyotengenezwa kwa ajili ya zawadi hupambwa kwa Bismillahi kubwa ya dhahabu au aya nzima kwenye jalada. Nia ni njema, lakini humtia mama wa mtoto kwenye dhiki: amwachie avute na kutafuna jina la Mwenyezi Mungu, au amnyang'anye kila saa? Kitabu kinaishia juu ya kabati, na mtoto hakijui. Tafuta kile kinachosimulia kisa kwa maneno ya kawaida bila aya. Ya Qur'ani atasikia kwa masikio, mama yake anamsomea Qul huwallahu wakati wa kulala, inatosha na inabaki.

La pili ni picha. Mitume hawachorwi. Waandishi wengi wa Kiislamu wanaoandikia watoto wachanga hulizunguka hili kwa kuchora wanyama, jahazi, nyota, bahari, na mtume mwenyewe haonekani. Ukiona kitabu kimemchora mzee mwenye ndevu nyeupe amesimama juu ya safina, hata kama jalada linasema Nuhu, usikipeleke kwenye nyumba hiyo.

La tatu, na hapa ndipo wengi wenye nia safi wanapoteleza: usidhani kwamba Nuhu ni Nuhu basi kitabu kimoja kinatosha nyumba zote mbili. Kisa chetu kina jabali la Judi, na kina mwana wa Nuhu aliyekataa kupanda akazama, kipo Surat Hud. Vitabu vya Kikristo vinamalizia kwa upinde wa mvua na agano, ambalo kwenye Qur'ani halimo. Baba wa mtoto ataliona hilo mara moja.

Kwa miaka miwili mie ningemchukulia kisa cha Nabii Suleiman na chungu, yaani sisimizi, kipo Surat An-Naml. Chungu anawaonya wenzake waingie majumbani wasije wakapondwa na jeshi, Suleiman anamsikia, anatabasamu. Kitoto cha miaka miwili tayari kinawafuata chungu ukutani kwa kidole. Kina jeshi, kina mdudu mdogo, hakina damu wala hofu ya kumnyima usingizi. Au Nabii Yunus kwenye tumbo la samaki.

MwalimuWaJumapili

Bwana asifiwe. BintPwani amenena vizuri, na upande wa Kikristo naomba nami niseme lililo la kwetu.

Kitabu cha hadithi za Biblia si Biblia. Biblia ya familia, iwe ile ya Union Version ya 1952 au Habari Njema, ikae mahali pa heshima, na mtoto akuone ukiisoma. Kile cha kurasa ngumu ni mlango wake yeye. Tunalo neno la Bwana katika Marko 10:14: "Waacheni watoto wadogo waje kwangu; msiwazuie." Wanafunzi walikuwa wanawazuia, na Yesu alichukizwa. Mtoto wa miezi tisa anakijua kitu kwa mdomo pia, si kwa macho na mikono tu. Mwache aje hivyo hivyo na mate yake. Binafsi naona kitabu cha dini kilichoachwa kipya kwa kumkataza mtoto kimepoteza kazi yake.

Hadithi sasa. Watu hukimbilia Daudi na Goliathi kwa sababu wanaipenda wao wenyewe. Lakini inaishia kichwa kukatwa, na mchoraji akikificha, mtoto anabaki na picha ya mtu mkubwa akipigwa jiwe. Ibrahimu na Isaka kwenye madhabahu vivyo hivyo, waiache mpaka mtoto aweze kuuliza maswali. Hata gharika ina waliozama, ila wachoraji humwachia mtoto wanyama wawili wawili, na kwa umri huu anachokihitaji ni hao wanyama.

Ninazozipenda mimi ni Musa kwenye kisafina cha manyasi mtoni (Kutoka 2), kwa sababu mhusika mkuu ni mtoto mchanga kama yeye, na kuna dada anayemlinda. Kondoo mmoja aliyepotea kati ya mia (Luka 15), inachezeka: mfiche mwanasesere, mtafute, mshangilie. Dhoruba baharini (Marko 4), ambapo unavuma kama upepo kisha unashusha sauti kwenye "Nyamaza, utulie." Watoto wa mwaka mmoja wanangoja hapo hapo. Na Zakayo! Luka 19 inasema alipanda mkuyu, na mkuyu ni huu huu wa kwetu ulio kando ya mito. Mtoto akianza kutembea mpeleke akauguse mti wa Zakayo.

Maneno yawe sentensi moja kwa ukurasa, mbili zikizidi. Kikiwa na aya nzima utakuwa unairuka tu, na mtoto atageuza ukurasa kabla hujafika mwisho.

Wa_Eldoret

Mimi niko Kenya. Swali kwa wenzangu: kwa nini msingoje mtoto afike miaka minne hivi, ndipo umnunulie Biblia ya watoto ya maana yenye hadithi zote? Hivi vya boksi atavisahau vyote.

Muuguzi_K

@Wa_Eldoret atasahau kitabu, ila masikio yake hayatakuwa yamekaa bure. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani tangu 2014 kinashauri wazazi wawasomee watoto kwa sauti kuanzia uchanga. Na Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2019 linasema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa. Sasa ukimtoa kwenye katuni za simu, unamweka wapi? Mpakate, mfungulie kurasa sita, mtajie kondoo. Ndiyo kazi ya kitabu hiki.

Wa_Eldoret

Nimekuelewa, dada. Basi hapa Kenya watu wasisahau mitumba. Soko la Toi, Nairobi, na sokoni kwingine unapata vya kurasa ngumu vilivyotoka Ulaya, bei nafuu sana, vingine havina hata alama ya jino. Ni kuchambua tu kwa subira.

Mchapaji

Mitumba ni sawa kabisa, nami nimenunua. Ila fungua ukurasa wenye maelezo ya mchapishaji utazame mwaka. Wino wa zamani ulikuwa unaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na Wamarekani wanavitazama kwa tahadhari vitabu vya watoto vilivyochapwa kabla ya 1985. Kisicho na mwaka popote, mpe anayesoma kwa macho, si anayesoma kwa ulimi. Kagua pia madoa meusi ya ukungu karibu na mgongo, hayo hayafutiki yakaisha.

Vya Kiingereza visikutishe. Maneno ni machache, chukua kalamu ya wino usiofutika uandike Kiswahili chako chini ya picha, uuache ukauke vizuri. Usibandike vikaratasi juu yake, mtoto atavibandua na kuvimeza.

Bibi_wa_Moshi

Wanangu, hamjambo. Nyote mnanunua tu. Mimi wajukuu wangu nimewatengenezea. Kalenda za kanisa za mwaka uliopita zina picha nzuri kubwa: Yesu na watoto, mchungaji na kondoo, Bikira Maria na Mtoto. Nakata, nabandika kwenye boksi gumu kwa gundi nyeupe ya mafundi seremala. Gundi ya uji wa ngano tuliyotumia zamani inaita mende, watakula kitabu kabla ya mtoto. Kisha napeleka steshenari kwa kijana anazilaminisha moja moja. Pembe nazikata duara kwa mkasi, maana plastiki ile ikibaki na ncha inamkata mtoto mdomo. Natoboa matundu mawili upande mmoja, nafunga kwa utepe mfupi wa kitambaa, fundo gumu, mkia hauachwi mrefu.

Raha yake ni kwamba ukurasa ukiharibika nabadilisha huo mmoja. Na picha ya mwisho naweka ya ubatizo wa mtoto mwenyewe. Huo ndio ukurasa anaotaka kila siku.

BintPwani

Shikamoo bibi. Hii nimeichukua. Mie nitaweka picha za samaki, jahazi, msikiti wa mtaani kwetu na babu yake akisoma.

MamaNuru

Shikamoo bibi, na asanteni wote. Kile cha kuimba hakikuwa na skrubu, kimeondoka. Mawili ya mwisho: kitabu nakisafishaje, na kikichakaa kabisa nakitupa wapi? Naona vibaya kukiweka kwenye pipa la taka.

Mchapaji

Kufuta tu. Kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, ukikamue vizuri, ufute ukurasa mmoja mmoja, kisha ukisimamishe wazi kivulini penye upepo. Usikitumbukize kwenye beseni. Juani usikianike, kadi inapinda na gundi inaachia. Msimu wa mvua kisilale chini ya godoro wala kwenye kona ya ukuta wenye unyevu.

BintPwani

Kikiwa na aya au jina la Mwenyezi Mungu, kwetu tunakichoma kwa adabu au tunakizika mahali pasipokanyagwa. Kikiwa ni kisa tupu hakina hukumu hiyo, ila mie hukata picha nzima nikazibandika ukutani kwa watoto.

MwalimuWaJumapili

Kwetu hakuna sharia juu ya kitabu cha hadithi. Kama moyo wako unaona vibaya, fanya kama BintPwani, au kichome. Vilivyobaki na kurasa mbili tatu nzima nipeni mimi, darasa la watoto wadogo kanisani huwa tunavihitaji. Na kwa binti yako, dada, anza na kondoo aliyepotea. Zakayo mngoje akishaanza kusimama dede, maana atataka kupanda na yeye.